Kila Jembe Ni Letu

Nilizifungua barua za familia ya Oblinger nikitafuta historia ya ardhi Marekani, nikajikuta nakesha na ndoa ya watu.

Uriah Oblinger alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwaka 1872 aliondoka Indiana kwenda Nebraska, akamwacha mkewe Mattie na binti yao mdogo, Ella. Alifuata kile walichokiita ardhi ya bure. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160, mradi alipe ada ndogo, ajenge, alime na akae hapo miaka mitano. Askari wa zamani walipunguziwa miaka waliyotumikia jeshini. Hiyo bure nayo ilikuwa na wenyewe: Wapawnee walishaachishwa nchi hiyo kwa mikataba.

Na kwa anayehamia, bure gani? Farasi si bure. Plau si bure, mbegu si bure, na tumbo halisubiri mavuno. Ndiyo maana mume alitangulia, na kwa miezi kadhaa nyumba yao ikawa karatasi: bei za vitu, hali ya shamba, upweke, na ahadi kwamba watakuwa pamoja tena.

Mattie na mtoto walifika mwaka 1873. Nyumba waliyoingia ilikuwa ya udongo. Mbuga za Nebraska hazina miti ya kutosha kupata mbao, na mbao za kununua zilitaka hela. Basi walowezi walipasua ardhi kwa plau, wakakata mabonge yaliyoshikwa na mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali. Pesa ilikwenda kwenye mlango, madirisha na vioo. Nyumba za aina hiyo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, ila mvua ikizidi, paa lilivuja matope.

Juni mwaka huohuo Mattie aliwaandikia ndugu zake Indiana. Huenda mnadhani tunaishi kwa taabu kwa kuwa tumo kwenye nyumba ya udongo, anawaambia, lakini sijawahi kufurahi hivi. Tena anawawahi kabla hawajamjibu: si kwa sababu ya ugeni wa mahali. Ni kwamba sasa wako kwao. Hawazi kuhama masika yajayo, na kila pigo la kazi ni lao wenyewe, si nusu yake kwenda kwa mtu mwingine.

Mimi mpangaji, ninayehesabu kodi kila miezi sita, niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Vitabu vya historia vilinieleza sheria na ekari. Hakuna kilichonieleza ile nusu. Ni hiyo nusu iliyowafanya watu wazima waache wazazi na majirani, wakalale ndani ya udongo na kusema wamependa.

Mambo hayakuwa laini. Septemba 1873 benki ya Jay Cooke ilianguka, na mdororo wa uchumi ukaenea nchi nzima. Mwaka 1874 nzige wakashuka Nebraska wakala mashamba. Kisha, mwaka 1880, Mattie akafariki katika uzazi, miaka saba tu tangu aandike barua ile ya furaha. Uriah akabaki na mabinti wa kulea.

Kuta za udongo hurudi ardhini zisipotunzwa. Karatasi ndizo zilizobaki, kurasa zipatazo 3,000 za ukoo mzima, kuanzia 1862 hadi 1912. Nimejaribu kuzisoma kwa mpangilio wa miaka, lakini nikifika 1880 nashindwa kuendelea. Narudi kwenye ile ya Juni 1873. Hapo mlango ni mpya, Ella ni mdogo, na Mattie bado anabishana na ndugu zake, akiwaambia yuko kwake.