Nguru: Jenetiki ya makundi

Jenetiki ya makundi ya nguru (Scomberomorus commerson) huchunguza kama nguru anayevuliwa Kimbiji, kusini mwa jiji la Dar es Salaam, ni wa kundi moja na wa Mombasa au Oman. Samaki huyu wa mshipi na jarife ana soko zuri Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, na kwingineko. Mtafiti hukata kipande kidogo cha pezi na kukihifadhi kwenye spiriti. Maabara husoma vinasaba, hasa vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama.

Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi, na unaweza kusafirisha mayai na vifaranga. Wahamiaji wachache tu katika kila kizazi hutosha kufifisha tofauti za vinasaba. Kwa hiyo kufanana kwa vinasaba hakuthibitishi kwamba eneo lililovuliwa kupita kiasi litajazwa upesi na samaki wa jirani.

Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, huwatathmini nguru wa bahari yote kama akiba moja. Hiyo ni dhana ya kikazi tu.