Majahazi ya Bagamoyo na Unguja

Wasikilizaji wangu, mtu wa Kerege akisimama pwani na kuelekeza uso wake kaskazini, kisiwa cha Unguja ki mbele yake, ingawa macho hayakifikii. Toka Bagamoyo mpaka mji wa Unguja ni kiasi cha kilometa 45 tu. Lakini mtu huyo akitaka kwenda Unguja siku hizi, kwanza hukipa kisiwa kisogo, akapanda basi kwenda kusini mpaka Dar es Salaam, ndipo aingie melini. Nataka kuwasimulia jinsi mambo yalivyofika hapo.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Tabora na Ujiji ilishukia hapo, na kila aliyetaka kuvuka, awe tajiri mwenye pembe au mpagazi aliyekwisha pata ujira wake, alitafuta nafasi katika jahazi. Wala tusisahau ya kuwa wengi walivushwa pasipo hiari yao, maana watumwa nao walipita njia hiyo, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipokataza kuwasafirisha baharini.

Kazi ya nahodha haikuwa nyepesi. Bagamoyo haina bandari yenye kina. Maji yakipwa, chombo hupwelewa mchangani kikalala ubavu, na abiria hungoja mpaka maji yajae, hata kama ni usiku wa manane. Yakijaa, hutembea majini na mzigo kichwani, au huchukuliwa mabegani. Ndipo huja habari ya upepo. Wakati wa kusi jahazi litokalo Bagamoyo hukimbia vizuri, maana upepo halikabili usoni. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, nahodha aendaye Unguja hana budi kubisha, mara upande huu, mara upande huu, na safari ya nusu siku huweza kuwa ya siku nzima na zaidi. Baharia mmoja hufua maji mchana kutwa, kwani mbao hazikosi kuvuja, hata zikitiwa kalafati namna gani.

Bwana Stanley, yule aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alivuka toka Unguja tarehe 5 Februari 1871. Ulikuwa wakati wa kaskazi, wenye kumfaa aendaye Bagamoyo, na hata hivyo majahazi yake yalichukua saa kumi nzima, yakatia nanga juu ya matumbawe, yadi mia moja hivi toka ufukoni. Naye alilalamika sana kwa uvivu wa vyombo vile. Nadhani nahodha wake angekuwa na jibu, kama angeulizwa.

Basi, ni nini kilichowaondoa abiria katika majahazi ya Bagamoyo? Wengi husema ni meli ya moshi. Mimi sioni hivyo. Seyyid Barghash alikuwa na meli za moshi, na katika siku zake majahazi ya Bagamoyo hayakukosa watu. Kilichowaondoa ni kina cha maji ya mahali pengine. Katika mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao toka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, penye bandari iliyokingwa, ambamo meli kubwa huweza kuingia. Reli ikaanza huko mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Bidhaa za bara zikaifuata reli, na abiria wakazifuata bidhaa. Majahazi ya Bagamoyo yakabaki na boriti, makuti na samaki.

Siku hizi baina ya Dar es Salaam na Unguja kuna meli za kasi, nyingine zimeundwa Hobart, Australia, nazo hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini bahari ni ile ile. Meli iitwayo Skagit iliundwa mwaka 1989 kwa kuwavusha watu wa jimbo la Washington, Marekani, katika maji yaliyokingwa na nchi kavu. Ilipozeeka iliuzwa, ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, kusi kikivuma, ilitoka Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe, na watu wengi wakafa. Ilikuwa haijapita mwaka tangu Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, wakafa watu zaidi ya 200. Mafundi wa majahazi waliunda vyombo kwa mawimbi waliyoyajua. Hapo ndipo walipowapita wengi waliokuja baada yao.

Katika mwaka 2014 Serikali ilinunua chombo kiitwacho MV Dar es Salaam ili kichukue abiria baina ya Dar es Salaam na Bagamoyo, watu wapunguziwe msongamano wa barabarani. Hakikudumu katika njia hiyo. Hivyo mtu wetu wa Kerege huenda na basi kama kawaida. Hushuka Dar es Salaam, hukata tiketi, na meli ikiisha toka bandarini hugeuka kaskazini. Baada ya muda kidogo hupita mbali baharini, mbele ya pwani ile ile aliyoiacha asubuhi.