Kinga ya Alama ya Kuuliza: Filamu ya Roswell katika Runinga ya Marekani

Tarehe 28 Agosti 1995, kituo cha Fox nchini Marekani kilirusha Alien Autopsy: Fact or Fiction?, kipindi kilichojengwa juu ya filamu isiyo na rangi iliyodaiwa kuonyesha upasuaji wa maiti ya kiumbe aliyeanguka Roswell mwaka 1947. Kiliongozwa na Jonathan Frakes, mwigizaji wa Star Trek. Uteuzi huo wenyewe ni hoja. Jina liliishia kwa alama ya kuuliza, na humo ndimo ilimokuwa kinga ya watayarishaji: hawakudai, waliuliza. Hukumu aliachiwa mtazamaji, ambaye hakuwa na njia yoyote ya kuipima filamu asilia.

Mwaka 1998 Fox hiyo hiyo ilirusha kipindi kingine kikiifichua filamu hiyo kuwa ya kughushi. Kituo, basi, kilivuna mara mbili. Mwaka 2006 Ray Santilli, aliyeiuza, alikiri kwamba ilitengenezwa London, ingawa alishikilia kuwa iliigiza filamu halisi iliyoharibika. Mchongaji John Humphreys ndiye aliyekiunda kiwiliwili hicho, akakijaza ubongo wa kondoo na matumbo ya kuku.