Sumu ya vita iliyogeuka dawa ya kansa, na sababu homa ya mgonjwa haingoji asubuhi

Mgonjwa akianza kemoterapia, yaani dawa kali za kuua kansa, familia nyingi zinashtuka. Nywele zinaanguka, kinywa kinatoka vidonda, chakula hakikai tumboni. Ndipo jirani anasema hospitali inamlisha mtu sumu. Jirani huyo hakukosea kabisa.

Tarehe 2 Desemba 1943 usiku, ndege za Ujerumani zilipiga bandari ya Bari, Italia. Meli moja ya Marekani iliyoungua, John Harvey, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali. Inaitwa gesi, lakini ni majimaji mazito, na usiku ule yalichanganyika na mafuta yaliyoelea baharini. Mabaharia waliookolewa walifunikwa mablanketi wakiwa bado na nguo zilizolowa, maana waganga hawakuambiwa kitu. Baada ya saa chache macho yakavimba, ngozi ikatoka malengelenge. Wanajeshi na mabaharia zaidi ya 600 walilazwa, zaidi ya 80 wakafa. Raia wa mji hawakuhesabiwa vizuri, kama kawaida ya vita. Kuwavua nguo mapema na kuwaosha kungeokoa wengi, lakini wakubwa walichunga siri yao.

Daktari Stewart Alexander, mwanajeshi wa Marekani aliyetumwa kuchunguza, aliona kwamba chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, zilikuwa zimeshuka sana. Kule Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wamekwisha kufikiri hivi: ikiwa sumu hii inaua chembe za damu, itaua pia kansa ya chembe hizo? Agosti 1942 dawa ya jamaa ya sumu hiyo ilidungwa kwa mgonjwa mmoja. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache, kisha ukarudi, naye akafa mwaka uleule. Habari ilifichwa hadi 1946.

Dawa hizo zilifika pia jirani na Kongo. Kampala, mwaka 1958, daktari Denis Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoshika watoto. Katika miaka ya 1960 watoto hao walitibiwa kwa siklofosfamidi, ambayo ni mjukuu wa ile haradali, na vinkristini inayotoka katika ua la Madagaska. Kuna waliopona. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho leo Taasisi ya Kansa ya Uganda, na wagonjwa wa mashariki mwa Kongo wanavuka mpaka kwenda huko.

Dawa hupiga chembe zote zinazozaliana haraka: kansa, lakini pia mizizi ya nywele, ngozi ya kinywa, utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Nywele zitaota tena. Hatari kubwa ni ileile aliyoiona Alexander. Mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe zinakuwa chache sana, na kidonda kidogo kinaweza kuua. Kambini kila homa inaitwa malaria. Mgonjwa wa kemoterapia mwenye joto la digrii 38 apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata usiku. Parasetamoli inaficha homa tu, haiponyeshi maambukizi. Maji yake yachemshwe, chakula kiive, wanaomgusa wanawe kwa sabuni.

Kwa muda wa siku mbili hivi dawa inatoka katika mkojo na matapishi. Anayesafisha avae glovu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na mama mjamzito aachie mtu mwingine kazi hiyo. Familia ikilazimika kukimbia tena, karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya sindano ya mwisho isiachwe nyuma: mganga wa kule watakakofika ataanzia hapo.