Bunduki ya Maskini na Shabaha Yake

Wazee husema: Rahisi huvunja upishi. Neno hilo ni kweli mara nyingi, lakini si kweli siku zote. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaeleza habari za chombo kimoja kilichofanywa kwa ajili ya watu wa mfuko mwepesi, nacho kikaja kuheshimiwa hata na mabingwa. Ni ile bunduki ndogo ya kalibri 22, ambayo wengi huiita karabini. Tutaona ilizaliwaje, huharibiwa na nini, na watu walijifunzaje kuifanya ipige pale inapolengwa. Jambo hili si mchezo. Bunduki isipopiga pale inapolengwa, mnyama hujeruhiwa akaenda kufa mbali kwa maumivu, na risasi iliyokosa haijulikani itasimama wapi.

Kuzaliwa kwake

Mwaka 1845 fundi mmoja wa Paris, jina lake Flobert, alitwaa fataki ndogo ya kuwashia bunduki za wakati ule, akaipachika kidonge cha risasi mdomoni. Hakutia baruti nyingine. Nguvu yake ilikuwa haba, ikafaa tu kwa mabwana kupiga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Wamarekani wawili, Horace Smith na Daniel Wesson, walirefusha ganda, wakatia baruti kidogo, nayo dawa ya kuwashia wakaizungusha ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Pini ikigonga ukingo, dawa inawaka. Mwaka 1887 kiwanda cha Stevens, huko Chicopee Falls katika Marekani, kikatoa risasi iliyo ndefu zaidi. Ndiyo hiyo inayotumika ulimwenguni mpaka leo. Unene wake ni milimeta 5.6 hivi, na uzito wa chuma chake cha risasi kwa kawaida ni gramu 2.6.

Kwa nini ni rahisi? Ganda lake ni jembamba, baruti yake ni kidogo, na msukumo wake ni hafifu. Basi mtutu na kufuli hazihitaji chuma kingi wala kazi ndefu. Hivyo viwanda viliweza kuuza karabini kwa bei ambayo mkulima au mfanyakazi aliiweza.

Kule Ubelgiji pia kazi hii ilisitawi. Kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, ili kuunda bunduki za jeshi. Lakini mwaka 1914 kilianza kutoa karabini ndogo ya kalibri 22 inayojipakia yenyewe, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning. Mtu huyo aliwapenda mafundi wa Liège, akafanya kazi nao miaka mingi, na huko huko akafariki mwaka 1926.

Somo la vita vya Maburu

Waingereza walipopigana na Maburu katika Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, waliona aibu. Maburu walikuwa wakulima, lakini walijua kulenga. Askari wengi wa Uingereza hawakujua. Basi mwaka 1901 watu walianza chama cha kuwafundisha wafanyakazi wa mijini kupiga shabaha, naye Lord Roberts, mkuu wa jeshi, akakiunga mkono kwa bidii. Lakini mfanyakazi atapata wapi bunduki kubwa na uwanja wa mamia ya meta? Jibu likawa karabini ndogo. Risasi zake zilikuwa za bei ndogo, na ukumbi wa meta 20 au 25 watosha. Mwaka 1908, katika michezo ya Olimpiki ya London, bunduki hii ndogo ilikuwa na mashindano yake yenyewe. Siku hizi, katika mashindano ya meta 50, alama ya kati yenye thamani ya kumi ina upana wa milimeta 10.4 tu. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba!

Fundi Pope na mdomo wa mtutu

Nani aliwafundisha watu siri ya kupiga sawasawa? Mafundi wengi, lakini mmoja tusimsahau. Harry Pope, aliyezaliwa Marekani mwaka 1861, alikuwa fundi wa mitutu asiye na mwenzake. Mwaka 1906 alihamia San Francisco, akafungua karakana yake. Mara tetemeko kubwa la mwezi wa Aprili likaja na moto wake, likamla mali yote. Alirudi mashariki mwa nchi akaanza upya, akaendelea na kazi mpaka uzee wake. Alikufa mwaka 1950.

Bunduki zake za mashindano zilishindiliwa risasi kwa mbele. Kwa hiyo alizifanyia mdomo wa bandia, kipande cha chuma kilichowekwa mbele ya mtutu wakati wa kushindilia, kikaondolewa kabla ya kupiga. Kazi yake ilikuwa kuingiza risasi ikiwa imenyoka na kuulinda mdomo wa kweli usichubuke. Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu mdomo ndio mahali pa mwisho pa risasi kuguswa na bunduki. Ukiwa na pengo upande mmoja, moshi wa baruti hutoka upande ule kwanza, ukaisukuma risasi kando. Fundi aweza kuukata upya mdomo ulioharibika, na bunduki iliyodharauliwa ikapona siku hiyo hiyo.

Mambo ya kuangalia

Basi mtu anayenunua karabini ya bei ndogo, hasa iliyotumika, na aanze hivi. Kwanza afungue kufuli na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi. Kisha atazame ndani ya mtutu kwenye mwanga. Akiona pete nyeusi, huenda mtutu umevimba. Akiona mashimo ya kutu, ajue chanzo chake: dawa za kuwashia za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu na kula chuma. Viwanda viliacha dawa hizo polepole, Remington ikianza katika miaka ya 1920. Mwisho auchungulie mdomo.

Bunduki ikiisha kununuliwa, matengenezo mengi hayahitaji fedha. Parafujo zinazoshika mtutu na ubao zikazwe sawasawa, maana zikilegea kila risasi huenda njia yake. Fimbo ya kusafishia ipitishwe kwa nyuma, ikiwezekana, isije ikaukwangua mdomo. Kufyatua bila risasi kuepukwe, kwani katika karabini nyingi za namna hii pini hugonga chuma cha mtutu na kukiponda.

Tena kila mtutu una risasi zake unazozipenda. Mwenye busara hununua aina tatu au nne, kisanduku kimoja kimoja, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga tano tano kwenye karatasi na kulinganisha. Mara nyingi zile za pole hushinda. Sauti huenda kama meta 340 kwa sekunde. Risasi inayoanza kwa mbio kuliko sauti, kisha ikapungua njiani, huweza kuyumba pale inapovuka kipimo hicho.

Kifyatuo kizito nacho huharibu shabaha. Lakini hapo twawaonya: tupa lisiguswe na mtu asiye fundi! Meno ya mtambo yakipunguzwa kupita kiasi, bunduki huweza kulia yenyewe ikigongwa kidogo tu. Wengine hudhani kalibri 22 ni kitu cha watoto. La! Risasi yake huweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu, na huua mtu kama nyingine.

Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitaka kutangaza karabini yake mpya yenye ubao wa nailoni, chombo cha bei ya wastani. Mtumishi wake Tom Frye alipiga vibao vya mti vilivyorushwa hewani kwa muda wa siku 13. Vilikuwa 100,010, akakosa 6 tu. Ilikuwa biashara, twajua. Hata hivyo hesabu hiyo yatufundisha kitu: nailoni haikulenga. Aliyelenga ni mtu aliyejizoeza miaka mingi.

Basi rahisi huvunja upishi pale mpishi anapokuwa mvivu. Fundi Pope aliishi akiulinda mdomo wa mtutu kwa unywele mmoja. Mwenye karabini ya bei ndogo naye aweza kukaza parafujo zake, kuchagua risasi zake, na kutazama kilicho nyuma ya shabaha kabla ya kufyatua. Hilo la mwisho halina bei, na ndilo linalookoa maisha ya jirani.