Ushauri fuatilizi: istilahi na kazi ya kumfikisha mwanafunzi wa mtandaoni kwenye mahafali

Mwanafunzi anayesoma kwa mtandao akiacha chuo haagi. Wiki moja haingii kwenye mfumo wa masomo, zoezi la kwanza linampita, usajili wa mitihani unafungwa bila jina lake, na mwaka ukigeuka hakuna anayeweza kusema aliondoka lini. Kwa mwanafunzi wa aina hii, ofisi ya ushauri iliyo wazi kuanzia asubuhi hadi alasiri haitoshi, maana anayehitaji msaada ndiye asiyebisha hodi. Anahitaji mshauri anayeanza yeye kumtafuta. Ushauri huo una jina katika taaluma ya elimu ya juu, na kwa Kiswahili napendekeza uitwe ushauri fuatilizi.

Istilahi ya asili ni intrusive advising. Robert Glennen wa Marekani aliandika mwaka 1975 kuhusu ushauri nasaha ambao chuo ndicho huchukua hatua ya kwanza, na mwaka 1988 Walter Earl akautetea kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hoja yao ni nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: wapo wanafunzi wasiojua kwamba wamekwama, na wapo wanaojua ila hawajui waanzie wapi, lakini wengi wao wakitafutwa huitikia. Baadaye washauri wengi waliona jina hilo lina ukali wa kujipenyeza katika maisha ya mtu, wakahamia proactive advising, linalosisitiza kuwahi tatizo kabla halijakomaa.

Kiswahili kina njia kadhaa za kulibeba wazo hili. Ushauri ingilizi haufai, kwa kuwa kwetu kumwingilia mtu mambo yake ni utovu wa adabu. Ushauri tangulizi unapotosha: msomaji atadhani ni maelekezo ya wiki ya kwanza, kama utangulizi wa kitabu. Ushauri wa kuwahi unakaribia, lakini unataja wakati tu, hausemi kwamba mshauri anaendelea baada ya simu ya kwanza. Fuatilizi linatokana na kufuatilia kwa njia ileile iliyotupa simulizi kutoka simulia na saidizi kutoka saidia. Tena kitenzi chenyewe kimeshabeba maana tunayoitaka. Mzazi anafuatilia maendeleo ya mwanawe shuleni. Mstaafu anafuatilia mafao yake. Ndani ya matumizi hayo mna nia, subira na kurudi tena na tena mpaka jambo lifike mwisho.

Fasili yake basi inaweza kuwa hii: ushauri fuatilizi ni ushauri wa kitaaluma ambao mshauri humtafuta mwanafunzi kwa ratiba na kwa dalili, kabla hajaomba msaada, na kuendelea naye mpaka kizuizi kiondoke.

Fasili hiyo inahitaji mipaka miwili. Kwanza, ushauri fuatilizi si ule ufuatiliaji unaoambatana na tathmini katika miradi. Huo huishia kwenye taarifa: wangapi wamejisajili, wangapi wamefanya mtihani. Huu huanzia pale taarifa inapoishia, mshauri anapopiga simu. Pili, kufuatilia si kumfuatafuata mtu. Jumbe kumi zinazosema “kumbuka kulipa ada” hazijamshauri mtu yeyote.

Umuhimu wa ushauri fuatilizi katika masomo ya mbali unaelezwa vizuri na Michael Moore, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya katika miaka ya 1960. Moore alifundisha kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa kilomita. Ni pengo la mawasiliano na maelewano kati ya anayefundisha na anayejifunza. Mazungumzo yakiongezeka, pengo hupungua. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 chini ya makamu mkuu wa kwanza Geoffrey Mmari, kilijenga vituo mikoani ili mwanafunzi aliye mbali na Dar es Salaam awe na mahali pa kwenda. Masomo yanapohamia zaidi kwenye simu na kompyuta, vituo hivyo vinahitaji kuongezewa mtu anayekwenda kwa mwanafunzi.

Upo ushahidi kwamba kazi hii inazaa matunda. Eric Bettinger na Rachel Baker, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichambua data za wanafunzi zaidi ya 13,000 wa Marekani, wengi wao watu wazima, ambao baadhi yao walipangiwa kwa bahati nasibu kupata mshauri aliyewasiliana nao mara kwa mara, hasa kwa simu. Baada ya miezi 6, na hata baada ya miezi 12, waliopata mshauri walikuwa wamebaki masomoni kwa tofauti ya pointi 5 hivi za asilimia kuliko wenzao. Tofauti iliendelea kuonekana hata ushauri ulipokwisha. Mazungumzo yenyewe yalihusu malengo, mgawanyo wa muda, na namna ya kujitetea mbele ya ofisi za chuo. Hayakuwa masomo ya ziada.

Hapa petu, mwanafunzi wa mtandaoni mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zamu au mama wa familia, na mara nyingine amemzidi umri mshauri wake. Simu nzuri inaanza na shikamoo na habari za nyumbani, kisha inakwenda kwenye jambo moja mahususi: “Nimeona zoezi la kwanza halijafika, na mwisho ni Ijumaa. Tatizo ni bando, ni muda, au ni swali lenyewe?” Swali la namna hiyo linampa mtu mlango wa kuingilia bila aibu. Jibu likiwa bando, mshauri ampangie kupakua somo lote mara moja akiwa mahali penye mtandao. Likiwa muda, wakae pamoja na ratiba ya zamu zake, wapunguze kozi za muhula huo kabla hajafeli zote. Likiwa ada, amweleze taratibu za kulipa kwa awamu au kuahirisha masomo rasmi, maana aliyeahirisha ana njia ya kurudi, na aliyetoweka huona haya kurudi.

Wakati nao una uzito. Wiki za mwanzo ndizo za kupiga simu kwa kila mtu, bila kungoja dalili. Baadaye dalili ziongoze: kutoingia kwenye mfumo, zoezi lililompita, matokeo ya kwanza mabaya, usajili wa mtihani unaokaribia kufungwa. Kila mazungumzo yaandikwe, ili mwanafunzi asisimulie msiba wake upya kwa kila anayepokea simu. Kumbukumbu hizo zilindwe. Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, na siri ya mwanafunzi ndiyo mtaji wa mshauri.

Chuo kinachotaka ushauri fuatilizi hakina budi kuulipia. Mhadhiri mwenye vipindi vya wiki nzima, aliyekabidhiwa mamia ya majina kama kazi ya pembeni, hatafuatilia mtu. Mshauri apewe idadi ya wanafunzi anaoweza kuwajua, muda wa jioni wanapopatikana, na mamlaka ya kuifikia ofisi ya fedha na ya mitihani akajibiwa siku hiyohiyo. Tunawadahili watu hawa kwa matangazo na mabango. Wameacha mapumziko yao na sehemu ya mishahara yao ili wasome. Deni letu kwao halilipwi kwa kuwafungulia mfumo na kuwapa nywila. Linalipwa kwa kuwafuatilia mpaka wamalize.