Erzurum: Mji wa Ashiki na Theluji

Msafiri Evliya Çelebi, aliyewahi kuwa karani wa forodha mjini Erzurum katika miaka ya 1640, anasimulia kisa cha paka. Paka huyo aliruka kutoka paa moja kwenda paa la pili, na kabla hajatua baridi ikamgandisha hewani. Akabaki hapo miezi minane. Ilipowadia Nairuzi na jua likapata nguvu, barafu ikamwachia, akalia nyau, akaanguka chini. Nairuzi hiyo ndiyo iliyotufikia sisi kwa njia ya bahari kutoka Uajemi, Makunduchi ikawa Mwaka Kogwa. Kwao huangukia Machi, na kwa aliyekwisha kukaa miezi yote hiyo ndani ya nyumba, sikukuu hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Erzurum iko mashariki ya Uturuki, katika uwanda ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake imewahi kufika nyuzi 37 chini ya sufuri. Jina lake, hata hivyo, halina ugeni kwa msomaji wa tendi zetu. Warumi wa Konstantinopoli waliuita mji huu Theodosiopolis, na Waarmenia wakauita Karin. Katika karne ya 11, Waseljuki walipouangamiza mji jirani wa Arzan, waliosalimika walikimbilia hapa na jina la kwao, pakaitwa Arzan ar-Rum, yaani Arzan ya Warumi. Rumi hiyo ndiyo ya Herekali, mfalme tunayekutana naye katika Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate, ambao nakala yake kongwe ni ya mwaka 1728.

Lakini si jina lililonivutia, bali washairi. Malenga wa huko huitwa âşık, neno lile lile la ashiki tunalolitumia sisi: mtu aliyeshikwa na mapenzi. Hupita na saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu kuliko ya gambusi, na shule yake ilikuwa nyumba ya kahawa. Majira ya baridi yalipofunga njia na mashamba yakalala chini ya theluji, mkulima na fundi hawakuwa na la kufanya ila kukaa karibu na moto na kusikiliza. Kisa kimoja, nathari iliyochanganywa na nyimbo, kiliweza kuchukua usiku mwingi kabla ya kufika mwisho. Nchi yenye jua la mwaka mzima isingempa msimulizi subira ya namna hiyo.

Mpenzi wa ushairi wa pwani akizitazama tungo hizo kwa jicho la ufundi atashtuka. Ubeti una mishororo minne. Katika bahari waiitayo semai kila mshororo una mizani minane, kama utenzi wetu, na katika koşma mizani ni kumi na mmoja. Baada ya ubeti wa kwanza, mishororo mitatu hufuata kina kimoja, na wa nne hurejea kwenye kina kilekile kinachoziunganisha beti zote. Ubeti wa mwisho humtaja mtunzi kwa jina lake la ushairi, kama watunzi wetu wengi wanavyojitaja katika kaditamati. Sidai kuwa tulikopeshana. Nasema tu kwamba Emrah, malenga wa Erzurum wa karne ya 19, angeketi katika baraza ya Lamu na kabla ya usiku kwisha angekuwa ameanza kuhesabu mizani kwa vidole.

Na wana malumbano. Ashiki wawili hukaa wakikabiliana, mmoja anatoa kina, mwenzake anajibu papo hapo. Lililo gumu kuliko yote ni lile la sindano. Kila mmoja huisimamisha sindano baina ya midomo yake miwili, kisha hutunga pasipo kutumia herufi yoyote inayoikutanisha midomo: hakuna b, f, m, p wala v. Anayekosea, damu humshuhudia. Kwa Kituruki hapo hapo umekwisha kupoteza neno la "mimi" na neno la "kupenda". Kwa Kiswahili tungepoteza moyo, mapenzi, bahari, pwani na mama. Nimejaribu ubeti mmoja, bila ya sindano, na sikufika mshororo wa tatu.

Yupo pia Sümmani wa Narman, aliyezaliwa 1861 akafariki 1915. Wanasimulia kuwa alikuwa mtoto mchungaji, akalala, na katika ndoto akanyweshwa kikombe cha mapenzi na kuonyeshwa binti aitwaye Gülperi wa nchi ya Badakhshan. Aliamka malenga. Alimtafuta binti huyo maisha yake yote, na hakumpata.

Mwaka aliokufa Sümmani ndio mwaka ambao Waarmenia wa Erzurum, majirani wa karne nyingi, walitolewa mjini kwa nguvu, na wengi mno wakauawa njiani. Nao walikuwa na ashiki wao, wenye saz na wenye kujitaja katika ubeti wa mwisho. Miongoni mwa visa vipendwavyo mno katika nyumba za kahawa ni kile cha Kerem na Aslı, kijana wa Kiislamu na binti wa kasisi wa Kiarmenia, ambamo Kerem anaungua kwa moto wa pumzi yake mwenyewe usiku wa harusi. Watu waliokililia kisa hiki usiku kwa usiku walikuja kubaki nacho bila ya jamaa zake Aslı. Mgeni aendaye Erzurum leo huonyeshwa ukumbi wa mkutano wa Julai 1919, ambao Mustafa Kemal aliuongoza, na ni haki yake kuonyeshwa. Huo wa 1915 inampasa auulizie mwenyewe.

Siku hizi wageni wengi huja kwa ajili ya mlima. Palandöken, jina lenye maana ya mwangusha matandiko, kwa kuwa mteremko wake uliwavua wanyama mizigo, una kilele cha zaidi ya mita 3,100, na viwanja vyake vya kuteleza kwa mbao juu ya theluji viko kilomita chache tu kutoka mjini. Mwaka 2011 yalifanyika hapo michezo ya majira ya baridi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia. Vikajengwa viruko virefu vya zege vya warukaji. Julai 2014 ardhi ikaporomoka na sehemu yake ikaenda nayo, vikatengenezwa upya. Mwaka 2009 UNESCO nayo iliuandika uashiki katika orodha ya urithi wa binadamu, wakati ambapo televisheni ilikwisha kuzinyamazisha nyingi za nyumba za kahawa. Baridi iliyokuwa ikiwakusanya watu ndani sasa inauzwa kwa wale wanaotaka kutoka nje. Siwalaumu wenyeji, mji maskini huuza ulicho nacho, nasi tumeuza fukwe.

Atakayekwenda, basi, baada ya mlima aingie Madrasa ya Yakutiye, iliyojengwa 1310, aone ua wake ulivyofunikwa kwa kuba ili wanafunzi wasigande. Apite Taşhan, soko la Rüstem Pasha, ambako mafundi huchonga tasbihi kutokana na jiwe jeusi la Oltu. Kisha akae, aagize chai. Sukari haitiwi kikombeni: kibonge hung'atwa, na chai chungu hupitishwa juu yake, kama sisi tufanyavyo kwa kashata na kahawa. Na kama kuna mzee pembeni mwenye saz, asiwe na haraka ya kuondoka.